Kibao cha Pweza

"Mwambie Pweza asante kwa kofia," alisema msichana wa chumba cha mwisho, akaitupa kofia ya njano juu ya kitanda kisichokuwa na mtu. "Kichwa kiliniuma huko mwambani, acha tu. Bila hii ningeanguka."

Nchikavu alikuwa ameinama kwenye beseni, anafua soksi. Mikono yake ikasimama ndani ya povu.

"Kakupa lini?"

"Si kule kule kazini. Kanivika mwenyewe, kaniambia nitangulie nikalale, yeye bado ana kazi fungu la mbali."

"Kwa hiyo yule aliyekuwa anapanda njia ya bwenini na kofia hii..."

"Nilikuwa mimi. Mbona umebadilika hivyo? Unaumwa?"

Hakuwa anaumwa. Angeshukuru Mungu kama angekuwa anaumwa.

Sikiliza jambo lilivyokuwa. Kwenye banda la mashua la chuo kuna ubao mkubwa, na kila mwanafunzi wa mambo ya bahari ana kibao chake kimening'inia pale, upande mmoja mwekundu, upande wa pili mweupe. Ukishuka majini, unakigeuza kiwe chekundu. Ukirudi, hata kabla hujajifuta chumvi usoni, unakigeuza kiwe cheupe. Msimamizi wa banda, ambaye chuo kizima humwita Nahodha, hakai kuhesabu vichwa. Anatazama ubao. Ukiwa mweupe wote, anaipandisha mashua mchangani na kufunga. Ndiyo maana sheria ya ubao ni moja tu, na mhadhiri wao huirudia kila muhula: kibao hugeuzwa na mkono wa mwenyewe. Ukigeuza cha mwenzio, fungasha virago urudi kwenu.

Sasa Pweza, mwenzake wa chumba, majini alikuwa na mikono minane, lakini nchi kavu alisahau kila kitu: funguo, sahani, na zaidi ya yote kugeuza kibao chake akirudi. Mara ngapi Nahodha amekesha roho juu ufukweni akimsubiri mtu ambaye yuko kantini anacheka! Mhadhiri akamwambia mbele ya watu kwamba akisahau tena, utafiti wake wa mwisho basi, na shahada aisahau pia.

Basi mchana ule Nchikavu alipotoka kupima konokono wake pale maji yanapoishia magotini, kwa sababu yeye hakuwahi kwenda mbele zaidi ya hapo kwa hiari yake, aliona kofia ya njano ikipanda kuelekea bwenini. Akatazama ubaoni. Kibao cha Pweza chekundu. "Huyu mtoto atanitoa roho," akasema, akachungulia huku na huku, akakigeuza. Alirudi chumbani akijiona malaika; Pweza hakumkuta, akadhani yuko kantini anacheka. Wema hauozi, wanasema. Huu wake ulikuwa umeshaanza kunuka.

Alimpigia simu. Simu ikalia chini ya mto wa Pweza, pale pale mbele yake.

Akaenda bafuni, akaita. Akaenda kantini, akatazama meza moja moja. Akapanda hadi maktaba, mahali ambapo Pweza hakukanyaga tangu mwaka wa kwanza. Alijua hayuko huko, ila miguu ndiyo iliyokataa kujua. Maana akijua, itabidi aseme, na akisema, itabidi aseme nani aligeuza. Alimwona mama yake kwenye cherehani, macho yamechoka kwa kushona sare za watoto wa watu, akiwatangazia majirani kwamba binti yake anasomea udaktari wa samaki. Mama huyo huyo alipiga simu kila jioni na swali moja: "Hujaingia tena kwenye hayo maji, mwanangu?"

Alipofika ufukweni, mwamba haukuwepo. Asubuhi ulikuwa umelala wazi, na nyasi zake na vidimbwi vyake, mtu angeweza kutembea hadi achoke. Sasa yalikuwa maji matupu, yanakuja taratibu bila kelele. Mkondo wa katikati hujaa kwanza. Aliye fungu la mbali, kule kwenye tuta la mchanga ng'ambo ya mkondo, huzungukwa mgongoni huku nyayo zake bado kavu, na akija kugeuka, njia hana. Kila mwanafunzi huambiwa hivyo siku ya kwanza.

Nahodha alikuwa bandani anaiosha injini kwa maji baridi, ameifungua kifuniko.

"Shikamoo, Nahodha."

"Marahaba. Nani anakukimbiza?"

"Pweza hajarudi."

Nahodha aliutazama ubao bila kuacha kusugua. "Amerudi. Si kile pale, cheupe pe."

"Chumbani hayupo. Hayupo popote."

"Basi yuko kwa mpenzi wake. Mimi silindi bweni, mwanangu."

Hapo palikuwa na mlango wa kuponyokea, na Nchikavu aliuona. Angeweza kusema labda upepo umekigeuza. Angeweza kusema sijui. Nahodha angesita, angeuliza huyu na yule, angepiga simu ofisini, na maji yangeendelea kuja.  Akaishika nguzo ya banda.

"Nimekigeuza mimi," alisema. "Nilidhani amerudi. Kibao chake nimekigeuza mimi."

Nahodha aliweka brashi chini. Hakupiga kelele. Heri angepiga. Alirudisha kifuniko cha injini kwa haraka, akavuta mashua, akasema bila kumtazama, "Geuza chako."

"Changu?"

"Unakuja. Wewe umewahi kufika kwenye kiwanja chake cha utafiti, mimi sijui kiko wapi. Na mashua hii haipandwi na mtu mwenye kibao cheupe, hata dunia ikiungua."

Alikigeuza. Kibao kikagonga ubao, ko, ko, ko.

Injini ilikohoa, ikanyamaza. Nahodha akavuta kamba tena, ikanyamaza. Nchikavu aliomba dua zote alizofundishwa utotoni, zikiwemo za kuombea chakula. Ikawaka. Mashua ikaruka mbele, naye akashika ubavu kwa mikono miwili, jaketi la kuokolea limempanda hadi masikioni. Walimpa jina la Nchikavu kwa sababu siku ya kwanza ya mazoezi alitapika kabla mashua haijafunguliwa kamba. Alikuwa ameomba kusomea mifugo, wakampa bahari.

"Tazama mbele, si miguu yako!" Nahodha alifoka. "Wapi?"

"Vigingi vina rangi ya chungwa. Tulivipaka pamoja chumbani. Ni kulia, mbele ya jiwe lile lililopasuka."

"Jiwe lipi? Unaliona jiwe wewe?"

Hakuliona. Lilikuwa limeshafunikwa.

Walichokiona kwanza ni ndoo. Ndoo ya bluu ya Pweza, inaelea kifudifudi, inazunguka polepole. Nahodha alizima injini ili wasikilize. Nchikavu hajawahi kuogopa kitu kama kimya kile. Maji yalilamba ubavu wa mashua, basi. Akasimama, yeye asiyewahi kusimama kwenye mashua, akaita. Hakuita Pweza. Aliita jina lake halisi, lile alilopewa na mama yake, ambalo hakuna aliyelitumia pale chuoni.

Kitu kikajibu. Hakikuwa neno, kilikuwa kama kikohozi.

Ncha ya kigingi ilitokeza juu ya maji, rangi ya chungwa, na kando yake kichwa. Pweza alikuwa amejifunga kiunoni kwa utepe wake mrefu wa kupimia, akajizungushia kigingi ili mkondo usimchukue. Maji yalikuwa kidevuni. Kila wimbi dogo lilipopita alifumba mdomo na macho, kisha akafumbua tena. Nahodha aliukata utepe kwa kisu, wakamvuta ndani wote wawili kama gunia lililolowa, na Nchikavu akamkumbatia na kulia kwa sauti.

Njiani Pweza alitetemeka sana, meno yakigongana, na maneno yakatoka vipande vipande.

"Niliiona mashua... inapandishwa. Nikapunga mkono. Nikapiga kelele. Kisha nikasema, tulia wewe, Nahodha hawezi kukuacha. Kibao chako chekundu." Alijaribu kucheka. "Leo nilikumbuka kukigeuza nikishuka, Nahodha. Naapa nilikumbuka. Basi nikawa nakifikiria hicho tu. Chekundu, chekundu, atakuja."

Nahodha alimtazama Nchikavu mara moja, akarudisha macho baharini.

Walipofika, Pweza hakungoja blanketi. Alijikokota hadi bandani, akishikilia ukuta, hadi mbele ya ubao. Aliinua mkono wake uliokunjamana kwa maji, mkono ukabaki hewani. Kibao chake kilikuwa cheupe tayari.

"Nani kanigeuzia?"

Nahodha alikuwa anafunga kamba ya mashua, fundo ambalo alikuwa ameshalifunga.

"Mimi," alisema Nchikavu. "Niliona kofia yako. Nilidhani umesahau tena."

 Pweza alikigeuza kibao kikawa chekundu, akakitazama kwa muda mrefu, maji yakimdondoka kutoka kwenye nywele hadi sakafuni. Kisha akakigeuza kikawa cheupe, kwa mkono wake mwenyewe. Akatoka, akapanda njia ya bwenini peke yake, polepole.

Ndani ya banda palibaki kibao kimoja chekundu. Nahodha alisimama mlangoni na kufuli mkononi.

"Geuza, nifunge," alisema. Sauti yake haikuwa kali. "Kesho asubuhi tutaongozana kwa mhadhiri."

Mfukoni mwa Nchikavu simu ilianza kuita. Ilikuwa jioni, saa ya mama. Iliita hadi ikakatika, ikaanza tena, naye bado amesimama mbele ya kibao chake, viganja amevibana kwapani.