Mguu wa Kushoto

"Kidonda kilikuwa mguu gani?"

"Wa kushoto."

"Mwezi gani?"

"Shemeji, niache ninywe chai."

"Mwezi wa tano. Sema wa tano. Ukiteleza hapo tumekwisha wote."

Fundi wa vigae akaweka kikombe mezani. Miaka arobaini na minane, ndevu zimeanza mvi, na asubuhi hiyo alikuwa anafundishwa ugonjwa kama mtoto anayefundishwa jedwali la kuzidisha. Mwalimu wake alikuwa mdogo wa mkewe, ambaye nyumbani walimwita Vijiko, kwa sababu zamani, kabla kisukari hakijamkamata, alikuwa akitia vijiko vinne vya sukari kwenye kikombe kimoja na kulalamika kwamba chai haijakolea. Fundi mwenyewe kazini walimwita Pimamaji. Hakuwahi kubandika kigae bila kukilazia juu pimamaji, kile kipimo cha usawa, na kigae kikipinda unene wa ukucha alikibandua hata kama mwenye nyumba amesharidhika.

Ugonjwa wake wa kweli ulikuwa mwingine. Alikuwa na ngiri. Miaka ishirini ya kubeba maboksi ya vigae ghorofa hadi ghorofa ilikuwa imempasua nyama ya kinena, na kwa miezi minne sasa alifanya kazi amejifunga mkanda mpana chini ya suruali. Hospitali ya umma ilikuwa imempa tarehe ya upasuaji. Alhamisi. Leo Jumatatu alitakiwa kwenda kupimwa na kuhojiwa.

Tatizo ni kwamba kadi ya matibabu ilikuwa moja na wagonjwa wawili.

Nchi ile waliyohamia, mgeni mwenye kibali cha kuishi alipewa kadi, na kwa kadi hiyo alitibiwa kama mwenyeji. Pimamaji alikuwa na kibali. Cha Vijiko kilikuwa kimeisha miaka miwili nyuma, na maombi ya kipya yalikuwa yamelala kwenye ofisi fulani kama paka kwenye jua. Kiu ya ajabu na kidonda cha mguu vilipomwandama Vijiko, dada yake hakufikiri mara mbili. Alitoa kadi ya mumewe kwenye droo akasema, "Nenda na hii. Picha imefifia, na wao wenyewe wanaona wageni wote tuna sura moja." Hakuna mtu nyumbani aliyeona ni wizi. Tangu wafike walikuwa wakivaa koti moja la baridi kwa zamu. Kadi nayo waliitia kwenye zamu.

"Kumbuka," Vijiko akasema akimsindikiza mlangoni, "dawa zangu zinatoka kwenye kadi hiyo. Zimebaki za siku nne."

"Nimesikia."

"Wewe na ukweli wako nawajua."

Mkewe alikuwa anakunja nguo. Hakuinua macho. "Baba watoto," alisema, "rudi salama tu."

Hospitalini Pimamaji alipita ukumbi mrefu anaoujua vizuri, kichwa chini. Vigae vya sakafu ile vilimuudhi kila alipokuja. Karibu na mlango wa tatu kulikuwa na safu nzima iliyokwenda kombo, na aliyeifanya aliifunika kwa saruji badala ya kubandua. Alijua pia kigae kilichopasuka mbele ya maabara na kile kilicholia kikikanyagwa. Angeweza kuichora sakafu nzima akiwa amefumba macho.

Muuguzi aliyemhoji alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye kalamu iliyofungwa uzi shingoni. Alimtoboa kidole, akasoma kipimo, akatabasamu.

"Sukari yako nzuri mno, fundi. Ungekuwa mfano kwa wenzako."

"Najitahidi."

"Chai unakunywa kavu?"

"Kavu," alisema Pimamaji. Asubuhi hiyo alikuwa ametia vijiko viwili.

Muuguzi akaendelea kujaza fomu. Amewahi kupasuliwa? Hapana. Meno ya bandia? Moja. Halafu akafunua faili, akatia alama mahali bila kuuliza.

"Hapa umeandika nini?" akauliza Pimamaji.

"Swali la dawa zinazokudhuru. Naliruka, faili limeshajibu. Alhamisi asubuhi utachomwa penisilini kabla hujaingia, kuzuia usaha. Mwaka jana ulichomwa tano na hukupata hata upele."

Vijiko alikuwa amemwambia habari za sindano, lakini sindano ni sindano, hakusema ni ya nini. Alipokuwa na miaka tisa Pimamaji alichomwa penisilini moja. Koo lilimvimba mpaka akawa anavuta pumzi kwa mluzi, na mama yake akawa ameshaanza kulia kilio cha msiba kabla daktari hajafika.

"Hiyo mimi siiwezi," alisema. "Inanifunga koo."

"Tangu lini?"

"Tangu utotoni."

Neno lilimtoka kabla hajalipima. Muuguzi aliiachia kalamu ininginie kifuani. Ule ucheshi ukaondoka usoni.

"Fundi, sindano tano. Hapa hapa. Kwa ajili ya kidonda cha mguu."

"Wa kushoto. Mwezi wa tano," akasema Pimamaji, na yeye mwenyewe akajisikia mjinga.

"Kilichimba mpaka kwenye mfupa, wameandika. Kovu la hivyo halipotei. Vua kiatu nione."

Mlango ulikuwa wazi. Angeweza kusema amesahau kitu nje, akatoka, akaenda zake na mkanda wake. Ngiri ingemsubiri, ngiri haina haraka mpaka siku ikinyonga utumbo. Na akivua, kadi imekwenda, na Vijiko ana vidonge vya siku nne. Akilini alimwona mkewe na zile nguo, asiyeinua macho. Mume upande huu, mdogo wake wa tumbo moja upande ule, na yeye katikati anakunja shati lile lile mara tatu.

Lakini aliliona na lile faili. Wanaume wawili wamebandikwa pamoja kombo, na saruji imepakwa juu. Alhamisi wangemlaza juu ya kosa hilo.

Akainama, akafungua kamba, akavua kiatu na soksi. Mguu ulikuwa na vumbi la saruji katikati ya vidole, na kisigino kimepasuka. Kovu halikuwepo.

"Huu mguu haujawahi kuugua," alisema. "Na sukari sina. Faili hilo ni la watu wawili."

Muuguzi aliutazama mguu muda mrefu kuliko ulivyostahili. "Vaa soksi, utapata baridi," akasema, akatoka.

Aliyerudi naye alikuwa mkuu wa mapokezi, mama mkavu, miwani imeshuka puani. Hakukaa.

"Unajua ungeweza kufa mezani?"

"Nimejua sasa hivi."

"Kadi naifunga mpaka faili litenganishwe. Upasuaji wa Alhamisi haupo. Utaitwa kuhojiwa, na sikuahidi kitu."

"Sawa. Lakini simtaji aliyeitumia."

"Nimekuuliza jina? Nataka kujua kama anameza dawa."

"Anameza. Zimebaki za siku nne."

"Mlete dirisha la saba. Kisukari hatuulizi kibali, ni mtu yeyote aliye na mdomo wa kumezea. Tangazo liko ukutani huko ukumbini mwaka wa tatu huu, kwa lugha tano. Hamjui kusoma?"

Pimamaji alipotoka aliinua kichwa. Tangazo lilikuwepo, kubwa kama mlango, juu kidogo ya ile safu iliyokwenda kombo. Lugha ya kwao ilikuwa ya pili kutoka juu. Miezi minne alikuwa amepita chini yake akikagua sakafu.

Nyumbani Vijiko hakutaka kusikia habari za dirisha. "Umeniuza," alisema. "Kwa ajili ya kiatu."

"Kwa ajili ya roho yangu."

"Huo ni mtego. Ukifika wanakuuliza unaishi wapi, jioni wanagonga."

"Labda," Pimamaji akasema. "Sijui. Najua vidonge vinahesabika."

Siku tatu shemeji hao hawakusemeshana. Sahani zilipitishwa mezani kwa mkono wa mama watoto. Siku ya nne, kopo la vidonge likiwa tupu, ni yeye aliyeongea. Aliliweka mbele ya mdogo wake, akalitikisa lisilie. "Mume wangu kadi hana na tumbo linamtoka. Wewe unaogopa dirisha. Inuka."

Walikwenda wawili, hatua kwa hatua, mmoja kashika kinena, mwingine kanuna. Dirisha la saba lilikuwa na foleni fupi, na karani kijana aliyechoka.

"Jina?"

Vijiko akalitaja lake, kwa sauti ya chini, kama mtu anayejaribu kiatu cha zamani.

"Tarehe ya kuzaliwa?"

Hiyo aliitoa haraka, siku, mwezi na mwaka, bila kusita. Karani akainua macho, akatazama ule uso usio na mvi hata moja.

"Una miaka arobaini na minane?"

"Hiyo ni yangu," Pimamaji akasema nyuma yake. "Nirudishie. Sema yako."

Vijiko akaanza kuhesabu miaka yake kwa vidole.