Kompyuta Ndani ya Kompyuta

Fundi wa masikio alikuwa na tabia moja mbaya, naye aliijua: alinung'unika mbele ya wateja wake. Mtu akishavua mashine ya sikio na kuiweka mezani, hubaki akikutazama tu, hasikii kitu, na mwanamke anayefanya peke yake kazi ya watu watatu hupata hapo nafasi ya kupumua. Basi aliwamiminia yote. Mgongo unauma, mkubwa wa kazi hana haya, nyumbani hakuna hata sahani moja safi. Mteja alitabasamu kwa adabu, naye akatabasamu, kazi ikaendelea.

Asubuhi hiyo aliyeketi mbele yake alikuwa dereva mstaafu wa treni, mzee ambaye injini zilimmaliza masikio yote mawili. Mashine yake ilikuwa mezani, imeunganishwa na kompyuta kwa waya mweusi. Haikuwa mbovu. Alitaka tu iongezewe nguvu ya kunasa sauti ndogo.

"Mke wangu yuko kitandani mwezi wa pili sasa," alikuwa ameeleza, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia. "Sauti imemwishia, imebaki kama karatasi inayofunuliwa. Akiniita sisikii. Kwa hiyo silali, mwanangu. Nakaa kwenye kiti namtazama midomo."

Macho yake yalikuwa mekundu kweli.

Ilikuwa kazi ya dakika tano, lau kompyuta ingekuwa ile ya zamani. Hiyo ilichukuliwa Ijumaa, ikaletwa nyingine, nyembamba, yenye mfumo mpya kabisa. Programu ya kurekebisha mashine kama ya mzee ilikuwa na umri wa miaka kumi na minane, na kampuni iliyoitengeneza ilikwisha kufunga milango. Alipoifungua, kompyuta ilimjibu kwa upole kwamba programu hii haiwezi kufanya kazi hapa. Akaiamuru iiendeshe kana kwamba iko kwenye mfumo wa zamani. Ikafunguka, moyo ukamruka, kisha ikasema haioni waya wowote. Akauchomoa waya, akauchomeka tena. Waya huu hapa, programu haiuoni.

"Jamani, mimi nimechoka," alisema kwa sauti. "Na huyu mzee si angeenda zake tu nyumbani?"

Mzee akatabasamu, akaitikia kwa kichwa. Fundi aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Akampigia simu fundi wa kompyuta, ambaye ofisi nzima ilimwita Bwana Zima-Washa, kwa kuwa hiyo ndiyo dawa yake ya kila ugonjwa.

"Umejaribu kuzima na kuwasha?"

"Nimezima, nimewasha. Niambie jingine."

"Basi dada, hiyo programu iache ijifie. Mwagizie mzee mashine mpya."

"Inachukua wiki sita. Mke wake hana wiki sita."

Hakuna aliyemwambia hivyo. Alikuwa amelisoma hilo machoni mwa mzee bila kujua kwamba anasoma. Bwana Zima-Washa akaacha mzaha.

"Ule mfumo wa zamani, nakala yake unayo?"

"Ninayo."

"Basi utatengeneza kompyuta ndani ya kompyuta. Hiyo mpya unaitengea kijichumba, humo unauweka mfumo wa zamani, na programu itadhani iko kwao. Nitakuelekeza hatua kwa hatua. Ila hesabu saa mbili nzima, dada."

Saa mbili hizo zilikuwa zake, za mapumziko ya mchana. Alikuwa amepanga kufunga mlango na kulaza kichwa mezani, hata bila kula. Aliutazama mlango, kisha akachukua karatasi, akaandika: *Itachukua saa mbili. Utasubiri?*

Mzee alicheka. "Nimesubiri taa ya kijani miaka thelathini, mwanangu. Jirani yuko na mke wangu. Wewe fanya kazi yako."

Akafanya. Mstari wa kijani ulitambaa kwenye kioo, ukasimama, ukatambaa. Safari hii hakunung'unika. Alihema tu, na kuhema tena. Hatimaye, ndani ya dirisha dogo katikati ya kompyuta mpya, ukatokea uso wa kompyuta ya zamani, wenye herufi zake nene. Programu ikafunguka. *Mashine imeonekana.* Akapandisha sauti ndogo, ngazi baada ya ngazi, kisha akamvisha mzee mashine yake.

"Nitasema kitu kwa sauti ya chini," alimwambia. "Ukisikia, inua mkono."

Akaegemea kiti kupumzika kidogo kabla ya kuanza. Mzee akainua mkono.

"Bado sijaanza, baba."

"Umehema," mzee alisema, sasa kwa sauti ya kawaida. "Tangu asubuhi naona mabega yako yanapanda na kushuka. Sikujua kama yana sauti."

Fundi alitaka kucheka, ikashindikana. Alisimama, akarudi nyuma mpaka ukutani, akaziba midomo kwa karatasi ili isisomeke, kama utaratibu wa kupima ulivyotaka. Siku zote, hapo, husoma orodha ya maneno: kikombe, dirisha, kiatu. Leo hakuitazama orodha.

"Nimechoka, baba," alisema, kwa sauti ambayo hata yeye aliisikia kwa shida.

Mkono wa mzee ulipanda taratibu.

"Hata mimi, mwanangu," alijibu. "Lakini leo nitalala, na hii sikioni. Akiniita, nitaamka."