Pumzi Kabla ya Sehemu ya Pili

Mimi ni mtu wa mdomo, wala sikatai. Redioni, ninakotunza maktaba ya santuri na kusafisha rekodi za zamani, wananiita Hakimu, kwa sababu hakuna muziki unaopita mbele yangu bila kuhukumiwa. Nayasema haya mapema ili mtu asije akanionea huruma huko mbele. Huruma siistahili.

Dada yangu amenitangulia kuzaliwa kwa miaka minne, na yeye ndiye aliyenitia muziki masikioni. Ni fundi wa piano. Huzunguka mashuleni, makanisani na majumbani mwa watu akikaza na kulegeza nyaya mpaka kila noti ikae mahali pake. Hatumii mashine. Ana ufunguo wake, ana kile chuma cha meno mawili kinacholia noti moja ukikigonga gotini, na ana masikio. Nilizoea kumtania kwamba akipita jikoni hata sufuria zinajipanga.

Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana tulikuwa na mchezo wetu, nyumbani kwake. Kuna utungo mmoja wa selo, ile fidla kubwa ya kushikwa kati ya magoti, na okestra, wa sehemu tatu, ambao sote wawili tunaupenda kuliko tungo nyingine zote. Dada ana santuri tisa za utungo huohuo, kila moja na mpigaji wake. Mmoja wetu anafumba macho, mwenzake anachagua santuri na kuweka sindano popote anapotaka. Aliyefumba macho aseme nani anapiga. Akikosea, anaosha vyombo vyote vya mchana. Shemeji yangu, mume wa Dada, ambaye muziki kwake ni ule unaotangulia taarifa ya habari, aliupenda sana mchezo huo kwa sababu ulimwokoa na masufuria.

Wapigaji tuliwapa majina yetu wenyewe. Kipenzi changu alikuwa Bwana Chuma: mkono mzito, mwendo wa kasi, habembelezi mtu. Kipenzi cha Dada alikuwa Mama Pumzi. Huyo anapiga polepole mpaka unatamani kumsukuma, lakini kabla hajaanza sehemu ya pili, ile ya majonzi, anavuta pumzi puani, na maikrofoni imeidaka. Ni sauti ndogo tu, kama ya mtu anayejiandaa kumnyanyua mtoto aliyelala. Dada alisema rekodi nzima iko hapo. Mimi nilisema hiyo ni kasoro, na kwamba ningekuwa fundi mitambo siku ile ningeifuta nikalale salama.

Tulibishana hivyo miaka kumi na mmoja, na miaka yote hiyo mwosha vyombo nilikuwa mimi. Dada hakuwa anakosea. Mama Pumzi ndiye hasa alimtambua hata mlango ukiwa umefungwa. Iliniuma, nisiseme uongo. Mtu mzima, nywele zimeshaanza kuniaga, nasugua ukoko huku dada yangu anapiga mluzi sebuleni!

Mwaka huu daktari alimwambia kwamba masikio yake yanakwenda. Zingeanza kupotea zile sauti ndogo na nyembamba, kisha nyingine zifuate. Kuna kifaa cha kuvaa sikioni ambacho kingemsaidia kusikia maneno, lakini kuhusu muziki daktari hakuahidi kitu. Dada aliniambia hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha akanikabidhi santuri zake zote tisa ndani ya sanduku, nimwekee kwenye flashi ili asikilize kwa hedifoni akiwa bado anaweza.

Mtu mwenye akili timamu angefanya kazi ile na kunyamaza. Mimi nilipofika kwa Mama Pumzi, shetani akanikalia begani. Kwenye mchoro wa sauti wa kompyuta ile pumzi ilionekana, kijivimbe kidogo peke yake katikati ya ukimya. Sekunde moja na nusu. Nikaikata. Pengo nikaliziba kwa ukimya wa chumba kilekile walichorekodia, kazi safi, usingeona mshono. Nilijiambia Jumapili atafumba macho, ataingoja pumzi yake, haitakuja, na kwa mara ya kwanza atashindwa. Ndipo nitamwambia: unaona, wewe husikilizi selo, unangojea pua. Nikamwekea flashi mkononi siku ya Jumatano, sanduku la santuri nikabaki nalo kwa kisingizio cha kuzisafisha, ili Jumapili tuchezee flashi.

Jumapili ilipofika alisema amechoka, hana hamu ya mchezo. Nikadhani ameushtukia mtego na anaukwepa. Nikaondoka nimevimba kichwa kwa ushindi wangu. Jumapili iliyofuata, vilevile.

Jumapili ya tatu shemeji akaniita barazani. Akaniambia Dada ameacha kazi. Ufunguo na kile chuma chake amempa fundi mwenzake, na shule zote zilizokuwa zinamngoja kabla ya mitihani amezipigia simu kuzitaka radhi. Nikauliza kulikoni, mbona daktari alisema bado ana muda. Shemeji akasema daktari ndiye aliyempa kipimo: achague sauti moja ndogo anayoijua vizuri, aisikilize kila wiki, na siku atakayoikosa ajue kwamba piano nazo zitaanza kumdanganya. Alichagua ile pumzi. Jumatano ile niliyompa flashi aliirudia mara nne, akavua hedifoni, akasema, basi. Tangu hapo hajasikiliza chochote.

Hapo ndipo ilinipasa kuingia sebuleni na kusema. Njia ilikuwa fupi, hatua sita kutoka barazani. Badala yake nilimwambia shemeji pole, nikaaga. Nilimwambia pole! Njiani nilimwona kila ninayepishana naye kama anajua.

Nikakaa na jambo hilo wiki nne zaidi. Nilitafuta namna ya kulisema bila kuonekana nilivyo, na namna hiyo haipo. Mara nilipanga kusema flashi ilikuwa mbovu. Mara nilipanga kubadilisha faili kimyakimya, lakini hedifoni na flashi alishavifungia kabatini. Kazini nikawa mpole mpaka wenzangu wakaniuliza kama naumwa. Kila Jumapili nilikwenda, nikala, nikaosha vyombo bila mtu kuniambia, na Dada akanishukuru.

Kilichonivunja ni swali lake. Tulikuwa mezani, akanisogelea kidogo, maana alishaanza kutazama midomo ya watu, akasema, "Mdogo wangu, wewe bado unaisikia. Hebu nieleze ilivyo. Naogopa nitaisahau."

Nami nikamweleza. Miaka kumi na mmoja niliidharau pumzi ile, siku hiyo nikaisifia: jinsi inavyoanza kwa kusitasita, jinsi inavyokatika ghafla, na upinde unavyogusa waya kabla haijaisha. Alitikisa kichwa akitabasamu, akasema hakujua kumbe na mimi nilikuwa naisikiliza.

Jumatatu nilitoka kazini mapema nikaenda kwake na sanduku la santuri. Alikuwa sebuleni akikunja nguo, shemeji anasoma gazeti. Sikuketi.

"Dada," nikasema, "masikio yako hayakukosea. Ile pumzi niliikata mimi."

Akaniomba nirudie. Sijui hakusikia au hakuamini, na sikuthubutu kumuuliza. Nikarudia, kwa sauti ya juu zaidi, kila neno peke yake, na kulisema mara ya pili kulinimaliza kuliko mara ya kwanza. Shemeji akakunja gazeti lake akaenda kusimama jikoni.

"Kwa nini?" akauliza.

Nilikuwa na maelezo mengi niliyoyaandaa njiani. Yote yakanitoroka, ikabaki kweli peke yake.

"Nilitaka siku moja uoshe vyombo wewe."

Hakunitukana. Ningeshukuru angenitukana. Aliweka shati alilokuwa nalo juu ya mengine, akalinyoosha kola, akasema tu, "Weka."

Nikatoa santuri ya Mama Pumzi, nikaifuta, nikaiweka kwenye mashine yake ya zamani. Nikamchomekea hedifoni, na spika ndogo nikaiacha wazi ili na mimi nisikie. Sindano ikakwaruza kidogo. Nikaiweka karibu na mwisho wa sehemu ya kwanza. Dada alifumba macho kama zamani. Okestra ikamaliza kwa kishindo chake, ukaja ukimya, na ndani ya ukimya ule Mama Pumzi akavuta pumzi. Niliisikia wazi. Shemeji naye aliisikia, maana alichungulia kutoka jikoni, yeye ambaye hajawahi kusikia kitu.

Dada alikuwa bado anangoja. Uso wake ulikuwa umeinuka kidogo, kama mtu aliye mlangoni anayejua mgeni yuko karibu. Selo ikaanza. Akasubiri noti tatu, nne, kisha akafumbua macho akanitazama.

"Na hii nayo umeikata?"

"Hapana, Dada. Hiyo ni santuri yenyewe. Sijaigusa."

Aliiachia selo iendelee kidogo. Halafu akavua hedifoni, akaukunja waya wake vizuri, akaniuliza nilimpa flashi ile tarehe ngapi. Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole, midomo inacheza. Wiki saba. Akasema wiki moja kabla ya kunikabidhi sanduku alikuwa ameisikia, bila shida yoyote, na dirisha likiwa wazi. Hesabu iliyobaki nilijifanyia mwenyewe: kulikuwa na majuma ya mwisho ya kumsikia Mama Pumzi, machache, labda matatu, labda sita, yalikuwa ya dada yangu, na nikamfanya ayapitishe hedifoni zikiwa kabatini.

Aliinuka akaenda jikoni. Kwenye sinki kulikuwa na vyombo vya mchana. Akakunja mikono ya gauni, akafungua bomba. Nikamfuata mbio, nikashika sponji, nikamwambia, Dada, tafadhali, nakuomba. Akaichukua mkononi mwangu taratibu, jinsi alivyokuwa akininyang'anya wembe nilipokuwa mdogo.

"Sikumtambua," akasema. "Nani anaosha?"

Nikachukua kitambaa angalau nikaushe. Nacho akakichukua, akakitundika begani kwake, akaanza na glasi.