Joto la Kifua Kingine

Phelista alikuwa mtu wa kuuliza. Sokoni Misikhu, alikouza kuku, walimjua kwa tabia hiyo. Ukinunua jogoo kwake atataka kujua unampikia nani, mgeni huyo ametoka wapi, na kwa nini hakuja Krismasi iliyopita. Mumewe Eliakim, mzee wa kanisa, alimwambia mara nyingi kwamba Mungu alimpa masikio mawili ili asikilize zaidi. Phelista alimjibu kwamba masikio hayana kazi kama hakuna aliyeulizwa kitu.

Siku alipofika hospitalini Kitale, hata hivyo, alikosa la kuuliza. Mjukuu wake wa kwanza alikuwa amelazwa ndani ya mashine ya joto pamoja na mtoto wa watu wengine, kwa sababu mashine zilikuwa chache. Alikuwa mdogo hata kofia ya sufu ilimfika mabegani. Mimba haikuwa imetimia miezi minane Nekoye, bintiye Phelista, alipopandwa na presha, akapatwa na degedege, na madaktari wakampasua ili kuokoa roho mbili. Sasa Nekoye alikuwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, amelazwa usingizi wa dawa, hajui kama amezaa.

Mume wa Nekoye aliitwa Gathii, fundi wa trekta, wa ukoo wa Wakikuyu waliohamia Trans-Nzoia tangu enzi za babu yake. Phelista alipoingia wodini kwa mlango wa mbele, Gathii alitoka kwa mlango wa nyuma. Hakukuwa na ugomvi. Kwa Wabukusu, kabila la Phelista, mama mkwe na mkwe wa kiume huheshimiana kwa umbali: hawashikani mikono, hawakai chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja huchepuka. Gathii alifundishwa hayo siku ya posa. Naye, kama mgeni yeyote aliyepokea mila ya watu, aliishika kuliko wenyewe.

Kwa hiyo msichana wa utafiti, Sandra, alipokuja kumtafuta baba wa mtoto, alizungumza naye barazani, naye Phelista akasikiliza kutoka upande wa pili wa dirisha lililokuwa wazi.

Sandra alikuwa nesi, mzaliwa wa mjini Kitale, na alisema polepole bila kujifanya. Alieleza kwamba mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati akivuliwa nguo na kulazwa kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, hupata joto na kukua. Hilo lilijulikana. Lakini mama akiwa mgonjwa, je, kifua cha baba au cha nyanya kitafanya kazi ileile? Ndilo swali walilokuwa wakilitafutia jibu. Nusu ya watoto wangebaki kwenye mashine mpaka mama apate nafuu, nusu wangebebwa na jamaa wawili kwa zamu. Kompyuta ndiyo ingepiga kura. Gathii alikuwa huru kukataa, na mtoto angetibiwa vilevile.

Phelista alishindwa kuvumilia. Akatoa kichwa dirishani, macho ameyaelekeza kwa Sandra peke yake.

"Samahani, dada. Mimi niko na swali. Kama mnajua hii kitu inasaidia, si mngefanya tu? Na kama hamjui, mbona mnajaribia kwa mtoto wetu?"

Gathii alikuwa amekwisha kugeuka kutazama ukuta.

Sandra hakukasirika. Alisema hilo ndilo swali ambalo yeye mwenyewe angeuliza. Walikuwa na sababu za kuamini kwamba ingesaidia, lakini kuamini si kujua. Mtoto angebandikwa kidude kidogo kwapani, kinachopima joto lake wakati wote, na akianza kupoa angerudishwa kwenye mashine palepale.

"Kuku hulalia mayai ya bata," Phelista alisema, "na yanaanguliwa."

"Kuku wote, Mama Nekoye?"

Phelista alifikiri. Aliwakumbuka kuku wake kadhaa waliotema mayai ya wenzao nje ya kiota. Akakiri kwamba si wote.

"Basi ndiyo maana tunauliza," Sandra akasema.

Bado ile kura ilimsumbua. Alitaka kujua kwa nini wasichague wenyewe watoto wa kubebwa, wao ambao wamesoma. Sandra alimweleza kwamba yeye mwenyewe akiachiwa achague, huruma itamsukuma kuwaacha wanyonge kwenye mashine na kuchagua watoto wenye nguvu, kisha mwishoni atangaze kwamba kifua kimeshinda. Phelista alicheka kidogo. Hayo aliyajua vizuri, maana hakuna muuzaji wa Misikhu anayeweka viazi vibovu juu ya debe.

Gathii alitia sahihi. Kura ikaangukia kifua.

Asubuhi Gathii alimbeba mtoto, na mchana Phelista akampokea. Aliketi kwenye kiti cha kuegemea nyuma ya pazia, blauzi wazi, mtoto kabandikwa kifuani kama jani lenye umande, leso imefungwa juu yao wote wawili. Alikuwa amelea watoto wanne, lakini hakuwahi kukaa na mtoto bila kufanya kazi nyingine yoyote. Alisikia pumzi ile ndogo ikienda, ikisita, ikienda tena. Kila iliposita, naye alisita.

Tatizo lilijitokeza kwenye tableti ya Sandra. Mstari wa joto la mtoto ulikwenda vizuri, kisha ukaporomoka, kisha ukapanda taratibu. Kesho yake hivyohivyo, na kuporomoka kulikuja mchana, saa za nyanya. Sandra alimwambia Phelista kwa upole kwamba huenda wangelazimika kumrudisha mtoto kwenye mashine.

Maneno hayo yalimwingia. Usiku ule, katika chumba alichopanga karibu na hospitali, Phelista aliweka kiganja kifuani pake, kisha shingoni, kisha mgongoni, akitafuta mahali palipopoa. Alijiuliza kama damu ya mtu huzeeka kama mafuta ya taa yaliyokaa sana, yakawaka bila kutoa joto. Alfajiri alikuwa akimngoja Sandra mlangoni.

"Nionyeshe hiyo laini," alisema. "Nataka kuona mahali ninaposhindwa."

Sandra alikaa naye kwenye benchi, akamwonyesha. Huku ni asubuhi, mtoto yuko kwa baba. Huku ni mchana, yuko kwako. Phelista aliweka kidole kwenye bonde la mstari akauliza ni saa ngapi hapo. Sandra akavuta picha ikawa kubwa. Kisha akavuta tena.

"Hapa bado hujaanza," alisema polepole. "Baba ameshamtoa, lakini wewe hujampokea. Kwako ndiko anapopanda." Akamtazama Phelista. "Mama Nekoye, mnapobadilishana hufanyika nini?"

Phelista aliinamisha uso. Ilimbidi aeleze. Zamu ya Gathii ikiisha, humkabidhi nesi yeyote aliye karibu, naye humlaza mtoto kitandani. Gathii huvaa shati, hukusanya vitu vyake, hutoka kwa mlango wa nyuma. Mpaka mtu aende kumwita Phelista barazani, mpaka aingie, afungue vifungo, anawe mikono, mtoto yuko peke yake kwenye shuka la hospitali. Na manesi walikuwa wachache, kila mmoja na watoto wengi wa kuangalia.

"Lakini tuliwaambia mtoto atoke kifua hadi kifua, bila kulazwa."

"Mlituambia. Lakini yule ni mkwe wangu, dada. Na ako kifua wazi, na mimi hivyo hivyo."

Sandra aliyekulia mjini, kwa wazazi wa kabila lingine, alikuwa hajui lolote kuhusu jambo hilo. Aliuliza mengi asubuhi ile, na kwa mara ya kwanza Phelista ndiye aliyekuwa akijibu. Katika familia nyingine za utafiti aliyaona maporomoko kama hayo, Sandra alisema, nao walidhani ni vifua vya wazee. Hakuna aliyewahi kuuliza mtoto anapita mikono gani.

Phelista alimpigia simu Eliakim. Alimweleza yote, naye akasema jambo hilo si la mtu mmoja. Ingebidi aongee na kaka yake Mukhisa, naye Mukhisa awaulize wazee wa ukoo kule Naitiri.

"Uliza," Phelista alisema. "Mimi sikukatazi. Lakini mtoto anapoa leo, na wazee watakutana lini? Wewe uliza, mimi nitafute njia."

Njia aliyoipata ilikuwa viti viwili. Aliomba viwekwe mgongo kwa mgongo, pazia likiwa limezungushwa pande zote. Gathii angekaa akitazama dirisha, yeye angekaa akitazama ukuta, na Sandra angesimama katikati amtoe mtoto kifua kimoja ampeleke cha pili kwa muda wa kuvuta pumzi. Hakuna ambaye angemwona mwenzake. Gathii alipoelezwa alikataa katakata. Alisema alipooa aliahidi kumheshimu mama yule, na hataki siku moja aambiwe kwamba Mkikuyu alikuja kuharibu nyumba ya watu. Sandra alirudi na jibu hilo, akaondoka na jibu la Phelista: kwamba mama mkwe mwenyewe ndiye anayeomba, na kumnyima ombi lake ndiko kumkosea heshima.

Mchana ule Phelista aliingia kinyumenyume, leso mabegani, akaketi. Aliisikia migongo ya viti ikigusana. Akafungua vifungo. Kisha ikaja sauti ya mwanamume nyuma yake, nzito na yenye woga, sauti ambayo hakuwahi kuisikia ikimwelekea.

"Mama, nimefungua kitambaa. Yuko tayari."

"Asante, baba," Phelista alijibu, na mtoto akatua kifuani pake, bado ana joto la baba yake.

Siku ile mstari haukuporomoka. Wala kesho yake. Sandra alimpigia simu daktari anayeongoza utafiti, na familia zote zikaanza kuulizwa mtoto hupokezanwaje, na nani hawezi kumkaribia nani. Yakatokea mambo ambayo hawakuyatarajia: mawifi wasiosemezana, baba aliyeogopa kuonwa na jirani yake akiwa kifua wazi.

Gathii hakuharakisha kutoka tena. Alivaa shati lake akabaki kitini, bado wamepeana migongo na mama mkwe, na taratibu wakaanza kuongea. Mwanzo walizungumza habari za mtoto tu, kisha za mahindi, kisha za Nekoye. Phelista aliuliza, bila shaka. Alitaka kujua trekta huanza kuugua wapi, na kwa nini alimchagua Nekoye kati ya wasichana wote wa Tongaren alikokwenda kutengeneza mashine. Kwa hilo la pili Gathii alisema Nekoye ndiye peke yake aliyemuuliza anachofanya. Phelista alitazama ukuta, akatabasamu peke yake.

Wazee wa Naitiri walipotuma jibu, kwamba inaruhusiwa kwa sharti la blanketi moja la heshima kutoka kwa mkwe, Nekoye alikuwa ameamka. Walimleta wodini kwa kiti cha magurudumu. Sandra alipofungua pazia, Nekoye alimwona mumewe akitazama dirisha na mama yake akitazama ukuta, wote wawili katikati ya mazungumzo. Akaanza kucheka, akashika mshono, akacheka huku akilia kwa maumivu. Phelista alinyanyuka akampelekea mtoto mwenyewe. Alipomtoa kifuani alihisi ubaridi mahali pale, ubaridi uliokaa naye mpaka Misikhu.

Mtoto aliitwa Waruguru, kwa jina la mama yake Gathii, kama ilivyo kwa Wakikuyu. Alikuwa anatembea na kuangusha sufuria utafiti ulipokwisha na familia zikaalikwa Kitale kupewa majibu. Ukumbi ulijaa. Daktari alisema watoto waliobebwa na jamaa walihifadhi joto sawasawa na wale wa mashine, na wengi waliongezeka uzito mapema kidogo. Ila kwa wale wadogo kabisa bado hawakuwa na uhakika, na hakutaka kumdanganya mtu.

Alipokaribisha maswali, Phelista alisimama.

"Mimi nataka kujua kifua cha nani kilikuwa na joto zaidi. Cha baba ama cha nyanya?"

Watu walicheka. Daktari hakucheka. Aligeuka kumtazama Sandra, wakanong'onezana, kisha akasema ukweli kwamba hilo hawakulipima kando, kwa sababu mwanzoni hawakudhani akina baba wangekubali kuvua shati.

"Walikubali wangapi?" Phelista akauliza.

Daktari aliwaomba akina baba waliobeba wainue mikono. Nyuma kabisa, karibu na mlango, Gathii akainua wake. Wakainua na wengine, mmoja hapa, wawili kule, wakitazamana kwa haya, na Sandra akaanza kupita kati ya viti akiwauliza majina.