Hatua Mbili, Kiti cha Karani

Nimechoka. Naanza na hilo ili nisije nikaonekana mtu mbaya baadaye.

Miaka ishirini na mbili nilikaa kiti cha pembeni ndani ya gari la mashindano, daftari mapajani, nikimsomea Bingwa njia. Yeye alishika usukani, mimi nilishika kalamu, ndiyo maana akanibandika jina la Karani. Ubingwa aliuchukua mara saba. Siku hizi mzunguko mmoja wa barabara pale mjini una jina lake. Mtu aliyechukia kupunguza mwendo maisha yake yote, wakampa mahali ambapo kila gari linapunguza. Vikombe viko juu ya kabati la sebuleni, na kimoja shemeji, mke wake, anawekea vibanio vya nguo.

Sasa macho ya Bingwa yameingia giza, yote mawili. Presha ya macho. Fimbo hataki, kushikwa mkono ndiyo kabisa. "Sijaburutwa mimi tangu nizaliwe," anasema. Kitu kimoja tu anakikubali: nisimame nyuma yake, nimsomee nyumba kama nilivyokuwa namsomea njia. Hatua nne, kulia kali. Hatua sita, kushoto laini, usikate, maana ukiikata kona ile bega linaishia kwenye friji. Hapo anatembea kifua mbele, utadhani anaona.

Basi kila asubuhi, kwa miaka mitatu, nilipanda ngazi za ghorofa yao na haya magoti yangu mabovu, nimtoe bwana mkubwa kitandani, nimfikishe msalani, nimfikishe mezani. Siku moja homa ilinibana, sikwenda. Shemeji alinipigia simu adhuhuri. Bingwa alikuwa ameukataa mkono wake, amelala palepale mpaka akajikojolea, na sasa amegeukia ukutani hasemi na mtu. Huyo ndiye aliyekuwa akibebwa mabegani na umati.

Binti yangu, anayeishi mji mwingine, aliposikia alisema imetosha. "Baba, utakuja kufia kwenye zile ngazi. Chumba chako kipo, njoo upumzike."

Nilitaka kwenda. Mungu anisamehe, nilitaka sana. Lakini nikiondoka, yule ndugu yangu atalala kwenye mkojo.

Nikanunua daftari, nikaandika nyumba nzima, kuanzia kitandani mpaka roshani, nikampelekea shemeji. Alilitazama kwa pembe ya jicho.

"Madaftari yenu haya yaliniibia mume miaka ishirini," alisema. "Mimi nimekaa na redio nasubiri kusikia kama nimeshakuwa mjane au bado. Leo ndiyo niyasome?"

"Shemeji, hakuna mwingine."

Akasoma, huku amekunja uso. Mwanzoni aliitaja kona wakati Bingwa ameshaifika. Nikamwambia asome mapema, hatua moja kabla, kwa sababu ukingoja mtu aifike kona umeshamwangusha. Akajirekebisha upesi kuliko nilivyotegemea. Hata hivyo, Bingwa alijigonga ugoko kwenye kizingiti cha jikoni, damu ikatoka.

"Nani kaandika hii njia?" aliuliza.

"Mimi."

"Peke yako?"

Lilikuwa kosa la kijinga, nisingelifanya ujanani. Katika kazi yetu msomaji hatungi njia. Dereva anaipita kwanza polepole, anasema anavyoihisi, na msomaji anaandika maneno ya dereva. Na mstari ukishaandikwa, haufutwi mpaka wote wawili wapite tena pale. Mimi nilikuwa nimehesabu hatua zangu, hatua za mzee wa magoti, wakati zake ni ndefu kama za twiga.

"Unanikimbia," alisema. Wala hakuwa anauliza.

"Nimechoka, kaka."

Akanyoosha kiganja mpaka kikagusa ukuta. "Haya, shika kalamu. Tunaanza upya."

Tuliipita nyumba asubuhi nzima. Alipapasa fremu za milango, akaguna, akahesabu, akasema, nikaandika. Shemeji alitufuata na kitambaa cha kufutia damu, na nadhani ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuona tulikuwa tunafanya nini huko tulikokuwa. Tulipofika sebuleni, karibu na dirisha, pale nilipozoea kukaa nikimalizia chai yangu, Bingwa alisema, "Hatua mbili, kiti cha Karani, simama."

"Usimame ufanye nini? Meza iko mbele."

"Dereva ni wewe?"

Nikaandika.

Niliondoka Jumamosi. Hakuniaga. Alisema tu nifunge mlango vizuri, unapitisha upepo.

Kwa binti yangu nalala mpaka jua linaingia chumbani. Hakuna ngazi. Nilidhani ningefurahi zaidi ya hivi. Wiki ya tatu shemeji akapiga simu. Mambo yanakwenda, alisema. Bingwa hajigongi, msalani anafika, na anamgombeza yeye akichelewa kusoma, maana yake ni mzima.

"Ila kuna kitu kimoja, shemeji. Kile kiti chako kilikuwa kinanibania nafasi, nikakitoa. Sasa nikifika kwenye ule mstari anasimama, anapeleka mkono pale ulipokuwa mgongo wa kiti, anakuta hewa, na haendelei tena. Jana alisimama mpaka chai ikapoa. Nikamwambia basi niufute. Akasema haufutwi mpaka Karani apite tena."

Miaka yote ile nilidhani mimi ndiye ninayembeba.

"Kirudishe kiti," nilisema. "Nitakuja mwisho wa mwezi, tutapita pamoja." Kuufuta ule mstari sikuwa na nia.

"Kipo hapa koridoni. Ngoja." Akaiweka simu mezani. Nikasikia kiti kikiburutwa sakafuni, kisha sauti yake kwa mbali, akisoma. "Hatua mbili, kiti cha Karani, simama." Alisoma mapema, hatua moja kabla, kama nilivyomfundisha.

Kisha nikamsikia Bingwa.

"Mwambie kachelewa."

Nililia pale kitandani, na sioni aibu kusema.