Kwenda Minami kwa Kupitia Naha

Kutoka jikoni kwangu kisiwani Kita nakiona kisiwa cha Minami, anakoishi mama yangu. Ndege ikienda huko moja kwa moja, wali haujaiva imeshatua. Lakini ndege yetu ni moja na inazunguka. Ijumaa hutoka Naha mjini, hupita kwetu, ndipo iende Minami. Katikati ya wiki ikitoka Naha huanzia Minami, ndipo ije kwetu, na ikitoka kwetu inarudi zake Naha, zaidi ya kilomita mia tatu. Penye nia pana njia, wanasema. Waliosema hawakuzaliwa visiwa hivi.

Jumanne mdogo wangu Yoshinori akapiga simu kutoka Minami. "Dada, mama hali kitu tena. Anakuuliza wewe tu. Njoo."

Meli ilikuwa haiji. Hata ikija, hapa abiria tunanyanyuliwa na winchi ndani ya kizimba kama mbuzi, na kwa mawimbi yale hakuna nahodha ambaye angethubutu.

"Subiri Ijumaa," mume wangu Morihide akasema.

"Kwani mauti yanafuata ratiba ya ndege? Naondoka na ya leo, ya Naha."

"Sasa Naha ukafanye nini? Si unazidi kumkimbia mama yako?"

"Nalala huko, kesho napanda inayoanzia Minami. Nipeleke uwanjani, acha maneno!"

Akanipeleka. Nilikaa dirishani nikakitazama kisiwa cha mama kikibaki nyuma, na nikajiona mjinga.

Jumatano ndege ikanirudisha hadi juu ya Minami. Upepo ulikuwa ukivuma kwa ubavu. Rubani akashuka, akapanda. Akazunguka, akashuka tena, akapanda tena. Nililiona paa letu katikati ya mashamba ya miwa, na uani watu wawili, mmoja amemshika mwenzake. Kisha rubani akatuomba radhi: Minami haiwezekani, tunakwenda Kita.

"Mwanangu, mwambie ajaribu tena," nikamwambia mhudumu.

"Mama, kaa tafadhali. Funga mkanda."

"Mama yangu yuko hapo chini!"

"Pole, mama. Kaa."

Nikakaa. Ningefanya nini, niruke? Kabla hata sijafuta machozi, magurudumu yakagusa Kita.

Morihide alikuwa uwanjani na kigari chake, amekuja kuchukua vipuri vya trekta. Akanitazama nikishuka ngazi.

"Umesahau nini?"

Nilitaka kumpiga. Badala yake nikalilia kifuani pake mbele za watu.

Tulipofika nyumbani simu ilikuwa ikilia. Alikuwa Yoshinori.

"Dada, uko wapi?"

"Jikoni kwangu."

"Mama aliisikia ndege. Akanilazimisha nimtoe nje aione. Akasema, huyo, Mitsue kafika. Nikamrudisha kitandani, akanituma niloweke samaki kwenye sosi, uje ule na wali. Nikitaka kufunga mlango, ananigombeza: acha wazi, atakuja amechoka."

"Mpe simu."

"Dada..."

"Mpe simu, Yoshinori!"

"Alikuwa ananiuliza tu, mbona uwanja umekuwa mbali hivi? Nikatoka kwenda barabarani kukuangalia. Niliporudi alikuwa ameshatutoka."

Dirishani Minami ilikuwa palepale, upepo umetulia, hata moshi wa kiwanda cha sukari unaonekana. Morihide alikuwa amesimama nyuma yangu na vipuri vyake mkononi.

"Mlango bado uko wazi?" nikamuuliza Yoshinori.

"Uko wazi."

"Usiufunge," nikamwambia. "Nakuja Ijumaa."