Kijerumani cha Punje za Buni

Mwaka ule ng'ombe wetu walifungwa, na hawakuwa wameiba kitu. Habari za sotoka, ile tauni ya ng'ombe, zilisikika kutoka kaskazini, Bwana Daktari wa ng'ombe akatoa amri, na askari wakapanda mpaka Oldonyo Sambu wakaswaga kila chenye pembe hadi zizi kubwa lililo chini ya boma la Wajerumani pale Arusha. Karantini, walisema. Mwezi ukipita, kila mwenye mali aje mbele ya Bwana, aseme ana ng'ombe wangapi, achukue wake aende zake.

Hapo penye “wangapi” ndipo palipokuwa na shimo, na mimi Lemburis nilikwisha kutumbukia humo katika karantini ya mwaka uliotangulia.

Sisi Waarusha ng'ombe hatuwahesabu. Anayehesabiwa kwa mdomo hufa, awe ng'ombe au mtoto. Mtu huwajua ng'ombe wake kwa rangi, kwa pembe, kwa ukaidi. Jioni unasimama mlangoni mwa zizi, wanapita, na unaona nani hayupo, kama unavyojua kwamba mkeo kanuna bila kumhesabu meno. Basi mwaka ule wa kwanza Bwana aliponiuliza wangapi, nilinyamaza kwa adabu. Mkalimani wake akanihurumia. Alimgeukia Bwana akasema neno, Bwana akaandika, nami nikafunguliwa wachache. Waliobaki wakaitwa hawana mwenyewe, na asiye na mwenyewe hakawii kumpata mwingine: niliwaona baadaye wakilisha nyuma ya nyumba ya mkalimani, wamenenepa, hata hawakunisalimu.

Safari hii alikuwamo yule jike wa rangi ya jivu. Huyo ndiye aliyetulea. Maziwa ya mwanangu mdogo Meitamei yalitoka kwake, na zaidi ya nusu ya zizi walitoka tumboni mwake. Mama yangu, Resiato, hakulala tangu siku alipoondolewa. Alikaa tu akikitazama kibuyu kitupu kana kwamba kimemtukana.

“Yeyo,” nikamwambia siku moja, kwa maana ndivyo tunavyowaita mama zetu, “nataka Nasieku ajifunze Kijerumani. Aseme na Bwana mwenyewe, bila yule mtu katikati.”

“Kwa nini usiseme wewe? Si ulikaa nao miezi wakijenga lile boma?”

Ni kweli, nilibeba mawe ya boma lile. Lakini Kijerumani changu nilikisoma kwa mgongo. Nilijua losi ya kuondoka, nilijua shnel ya kuharakisha, nilijua halti ya kusimama, na maneno mengine ambayo mama yangu akiniuliza maana yake humwambia ni majina ya mawe. Kwa maneno hayo hufungui zizi. Nasieku, binti yangu wa miaka kumi, alikuwa na kichwa kinachoshika kitu kama kupe, na ndiye aliyekuwa akiwachunga.

“Atamwambia nini?” mama akauliza. “Idadi?”

“Koko,” Nasieku akamwambia bibi yake, “nikiwahesabu kwa Kijerumani, kifo si hakitaelewa?”

“Kifo hakina lugha yake, mjukuu wangu. Kinasikia zote.”

Kisha Nasieku akasema, “Basi nitamtajia rangi zao. Mmoja mmoja, mpaka waishe.”

Mama akatafakari huku akitafuna. “Rangi haina ubaya,” akasema. “Hata kipofu anaitaja.”

Kukubaliana kulikuwa rahisi. Kijerumani chenyewe utakipata wapi, mlimani? Shule haikukifundisha. Nilikwenda misheni nikamkuta mwalimu Anaeli, Mmeru mpole. Akaniambia mchungaji alishasema Mungu anasikia Kimeru vizuri sana, na Kiswahili pia, hivyo hakuna haja ya kumsumbua kwa Kijerumani.

“Simtafuti Mungu,” nikamwambia. “Namtafuta Bwana Daktari.”

“Huyo hakai hapa,” akasema Anaeli.

Mke wangu Namnyaki ndiye aliyepata kifaa cha kwanza. Alitoka mjini na mkebe mtupu wa biskuti alioupata dukani kwa Mhindi, una maandishi pande zote. Tukafurahi, shule imeingia nyumbani! Nikaupeleka kwa Anaeli anisomee. Alisoma herufi zote kwa sauti ya ibada, Nasieku akazishika palepale. Nikamwuliza maana yake. Anaeli akasema yeye anajua kusoma tu.

Basi kwa siku tatu watoto wangu walizunguka boma letu wakiimba, “Kyuli undi trokeni!” Wakiamkiana asubuhi, kyuli undi trokeni. Wakigombana, kyuli undi trokeni, tena kwa hasira. Meitamei aliwafokea nayo mbuzi, na mbuzi wakamtii. Nikaanza kujisikia baba wa wasomi.

Shemeji yangu ndiye aliyetuamsha. Elirehema, aliyemwoa dada yangu, ni Mmeru wa Nkoaranga, na alikuwa amempikia mzungu mmoja wa shamba kwa miaka. Hajui hata herufi moja. Tulishuka kwake mimi na Nasieku, mwendo wa kutwa tangu alfajiri, na mwishoni kile kijia cha migombani kinapanda mpaka unamwona anayekutangulia kwa visigino tu.

“Shikamoo, baba,” Nasieku akamwambia, kisha kwa fahari: “Kyuli undi trokeni!”

Elirehema akaangua kicheko mpaka akashika mgomba. “Marahaba, mwanangu! Unajua umeniambia nini? Umeniambia niwekwe pakavu, penye baridi, nisije nikaoza!”

“Shemeji, usimcheke mtoto.”

“Simcheki yeye. Nakucheka wewe uliyetembea mlima mzima kuja kunihifadhi.”

Hivyo ndivyo tulivyosoma mwezi ule: aliyejua kusoma hakujua maana, na aliyejua maana hakujua kusoma. Lakini mkebe haukuwa hasara kamili. Elirehema alitueleza kwamba kale kaneno ka katikati, undi, ndiko kanakofunga vitu viwili, kama kamba. Nasieku akakachukua. Ng'ombe wa mabaka bila kamba hasemeki.

Kumpata mwalimu ni jambo moja, na kumfanya afundishe ni jingine. Elirehema alijua mayai, alijua chumvi, alijua kelele za mzungu wake nyama ikiungua. Ukimwuliza neno hivi hivi, bila kitu mkononi, alikwama.

“Nyeusi wanaitaje, baba?” Nasieku akauliza.

“Nyeusi… nyeusi…” Akajikuna. “Nipe sufuria mkononi, nitakumbuka. Subiri. Asiyetaka maziwa kwenye kahawa husema… shvartsi! Kahawa shvartsi. Ndiyo.”

Nasieku akainuka. Alitoka nje, akasimama kwenye mibuni ya shemeji, akarudi na tunda bivu jekundu kiganjani. Akalinyoosha mbele ya Elirehema, akainua nyusi, akangoja.

“Roti,” shemeji akasema, mwenyewe akishangaa limetoka wapi.

Akamletea buni nyeupe iliyomenywa na kuanikwa mkekani. “Vaisi.” Akamletea ya kahawia, iliyoanza tu kukaangwa. “Brauni.” Kumbe rangi zote za zizi langu zilikuwa zinaota kwa shemeji. Dada yangu akazifunga punje kwenye kitambaa, tukarudi nazo nyumbani kama watu waliobeba kitabu.

Si kwamba kitabu hicho kilikuwa bila matatizo. Meitamei aligundua kwamba roti ina utamu, akaifyonza yote siku ya kwanza. Tukatuma tena Nkoaranga. Roti mpya ikakaa siku chache juani ikakauka, ikawa brauni, na watoto wakapigana juu yake mpaka Koko akaingilia kwa fimbo. Elirehema alipopanda kututembelea nikamlalamikia kwamba Kijerumani chake kinaoza.

“Si nilikuambia ukiweke pakavu?” akanijibu.

Lakini kulikuwa na tatizo lisilochekesha. Katika buni yote ya Nkoaranga hakuna punje ya rangi ya jivu. Nasieku alimpeleka shemeji mpaka jikoni, akachota majivu, akainua nyusi, akangoja. Elirehema alifumba macho, akatoa jasho.

“Majivu niliyamwaga miaka yote, mwanangu,” akasema. “Sikuwahi kuyaita.”

Mwezi ukaisha hivyo, na neno la yule jike hatuna.

Siku ya kufunguliwa tulishuka sote, mama yangu naye akikataa kubaki. Bwana Daktari alikuwa kwenye kiti karibu na zizi, kitabu magotini, uso umeungua kwa jua. Pembeni alisimama mkalimani, kanzu safi, tabasamu safi zaidi.

“Vi file?” Bwana akauliza bila kuinua kichwa.

“Bwana anauliza wangapi,” mkalimani akaniambia. Kisha kwa sauti ya chini, “Au nikusaidie kama mwaka jana, mzee wangu?”

“Ulichoka sana mwaka jana,” nikamwambia. “Leo pumzika.” Nikamsogeza Nasieku mbele.

Binti yangu akafanya kama tulivyomlea: akainamisha kichwa mbele ya mkubwa, akangoja aguswe utosini. Kwetu mtoto haanzi kusema na mtu mzima kabla ya mkono huo. Bwana akakitazama kile kichwa kama mtu aliyepewa boga bila kisu. Mkono haukuja. Nasieku akaendelea kuinama. Mkalimani akatabasamu, akaanza kusema kitu kwa Kijerumani, na nikaona kalamu ya Bwana inashuka kwenye karatasi.

“Nasieku!” nikamwita. “Inuka. Hajui.”

Akainuka. Akanyoosha kidole kwa fahali wetu aliyekuwa karibu na ua.

“Shvartsi,” akasema.

Kalamu ikasimama.

“Roti,” akasema, akimwonyesha mtamba. “Roti undi vaisi.” Yule wa mabaka. “Brauni. Brauni. Shvartsi undi vaisi.” Akaenda akiuzunguka ua polepole, na kila alipoonyesha, ng'ombe wangu aligeuka kumtazama, maana sauti waliijua. Bwana aliinuka kitini, akamfuata, kalamu ikichora kijistari kwa kila neno. Mama yangu aliviona vile vijistari, akaelewa, akaziba masikio na kugeukia mlima.

“Anawahesabu!” akaninong'oneza.

“Yeye, Yeyo. Si sisi.”

“Basi na yamkute yeye.”

Walipomaliza ua wote alibaki mmoja, kule ndani, amelala, anacheua. Wa jivu. Mkalimani akawahi. Akamwonyesha kwa mkono, akatikisa kichwa, na sikuhitaji shule kujua anasema nini: huyu si wao, huyu hana mwenyewe. Bwana akamtazama Nasieku, kalamu juu.

Binti yangu akafungua kitambaa chake. Akazipekua punje kwa kidole. Ya jivu haikuwamo, nami nikaona ninaanza kukusanya maneno yangu ya mgongoni, na hayo yangetufungisha sote. Lakini Nasieku alikunja kitambaa. Alipita kati ya miti ya ua, akamwendea yule jike, akaweka kiganja mgongoni pake. Akamgeukia Bwana. Akainua nyusi. Akangoja.

Mkalimani akakohoa. Bwana akaangalia kile kiganja, akamwangalia ng'ombe, na kitu usoni kwake kikalegea, kama mtu aliyeulizwa jambo analolijua tangu utotoni.

“Grau,” akasema.

“Grau,” akasema Nasieku, upesi, kama anayemsahihisha.

Bwana akacheka. Alichora kijistari cha mwisho, akampa mkalimani kitabu amshikie, akaenda kuufungua mlango wa zizi kwa mkono wake mwenyewe. Jike wetu akainuka kwa madaha, miguu ya nyuma kwanza, akatoka.

Hatukufika mbali. Kwenye mfereji wa kwanza mama yangu akaamuru tusimame, akachuchumaa pembeni mwa yule jike, akamkamulia kibuyuni palepale njiani. Akampa Nasieku anywe kabla ya mtu yeyote, hata kabla ya Meitamei aliyekuwa analia.

“Kunywa,” akasema. “Kisha niambie. Yule mtu mwekundu, mama yake yuko wapi?”

“Sijui, Koko.”

“Mtu mzima hajui kugusa kichwa cha mtoto. Hakulelewa, yule.” Akapangusa povu kwenye ukingo wa kibuyu, akafikiri. “Mama kwa lugha yao wanasemaje?”

Nasieku akanitazama. Nikamtazama Namnyaki. Punje ya hilo hatukuwa nayo.

“Basi kesho ushuke ukamwulize,” mama yangu akasema, na kumpa Meitamei kibuyu.